Haki ya Mwili Katika Uzee

Miongoni mwa maswali wanayoletewa wahubiri wetu na watu wanaouchunguza Uislamu limo hili, na mara nyingi huulizwa kwa mzaha kidogo: Je, dini ina shughuli gani na miguu ya mzee? Muulizaji hukubali kwamba dini ihusike na roho, na sala, na mema na maovu. Lakini kwamba mtu wa miaka 65 atembee au akae barazani, hilo huliona kuwa ni jambo la daktari wala si la sheikh. Nawe, ndugu uliyesilimu juzi, huenda unalo swali hilo hilo moyoni ila waona haya kulitoa. Napenda tulitazame pamoja, maana si swali dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2019 watu wapatao milioni 17.9 walikufa kwa maradhi ya moyo na ya mishipa ya damu, na zaidi ya robo tatu ya vifo vya namna hii hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Aliyedhani kwamba haya ni maradhi ya matajiri wa Ulaya peke yao, basi na aiache dhana hiyo.

Kwanza hatuna budi kuelewa namna Uislamu unavyoutazama mwili. Wako watu waliofikiri kwamba mwili ni adui wa roho, na kwamba kadiri mwili unavyodhoofika ndivyo roho inavyong'aa. Uislamu haukubali fikira hiyo. Masihi Aliyeahidiwa, Hadhrat Mirza Ghulam Ahmad a.s., katika hotuba yake mashuhuri iliyosomwa mjini Lahore mwezi wa Desemba 1896 mbele ya wafuasi wa dini mbalimbali, alieleza kwa urefu kwamba hali za mwili huiathiri roho na hali za roho huuathiri mwili. Hata namna mtu anavyosimama na anavyotembea huzaa ndani yake unyenyekevu au majivuno. Kama ni hivyo, mwili si takataka ya kutupwa pembeni. Ni amana, na amana ina mwenyewe, naye ataiulizia.

Sahaba mmoja kijana, Abdullah bin Amr bin al-As r.a., alikuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha. Habari ilipomfikia Mtume Mtukufu s.a.w., alimwita akamfahamisha kwamba mwili wake una haki juu yake, na macho yake yana haki juu yake, na mkewe pia ana haki juu yake. Akamtaka afunge siku tatu tu kila mwezi. Abdullah akaomba aongezewe, akaomba tena na tena, mpaka akaruhusiwa kufunga siku moja na kula siku moja. Hadithi hii imo katika Bukhari, na wengi wetu tunaijua mpaka hapo. Lakini mwisho wake husahauliwa: Abdullah alipokuwa mzee, na nguvu zimempungua, alikuwa akisema kwamba laiti angaliupokea ule wepesi aliopewa na Mtume s.a.w. Basi haki ya mwili si maneno ya kupamba mimbari. Ni deni ambalo kijana hukopa na mzee hulipa.

Walakini wako wanaolichukua neno hilo upande wa pili. Husema: ikiwa mwili una haki, basi haki ya mwili wa mzee ni kupumzika. Amelima, amejenga, amelea, amechoka. Sasa na akae. Maneno haya yana utamu, na sitashangaa, ndugu msomaji, kama nawe unakubaliana nayo. Lakini tumtazame Mtume Mtukufu s.a.w. Katika dua aliyokuwa akiomba mara kwa mara, ambayo Bukhari ameihifadhi, alijikinga kwa Mwenyezi Mungu na unyonge, na uvivu, na woga, na ukongwe unaomdhalilisha mtu. Tazama: uvivu na ukongwe vimetajwa katika dua moja, lakini vimetajwa mbalimbali, kila kimoja kwa jina lake. Kwamba mtu hutoka katika udhaifu akaingia katika nguvu, kisha baada ya nguvu akarudi katika udhaifu na mvi, hiyo ni kanuni ya Mwenyezi Mungu, na Kurani Tukufu imeieleza katika Sura Ar-Rum, aya 55 (tukiihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza). Hakuna anayeikimbia. Ila mara nyingi tunaulaumu uzee kwa makosa ya uvivu, na hapa elimu ya siku hizi imetupa ushahidi wa ajabu.

Katika mwaka 1966, mjini Dallas huko Marekani, madaktari waliwachukua vijana watano wenye afya, wa umri wa miaka 20, wakawalaza kitandani majuma matatu mfululizo bila ya kusimama. Kabla ya kuwalaza na baada yake walipima uwezo wa miili yao kufanya kazi, yaani uwezo wa moyo kusukuma damu na wa misuli kuitumia hewa. Vijana wale walipoinuka, uwezo wao ulikuwa umeporomoka vibaya. Miaka 30 ikapita. Mnamo 1996 watu wale wale watano, sasa wakiwa wa miaka 50 na kidogo, wengine wakiwa wamenenepa, wakapimwa tena. Ikaonekana kwamba miaka 30 ya umri haikuwapunguzia uwezo kama yalivyowapunguzia yale majuma matatu ya kulala! Kisha wakapewa mazoezi ya miezi sita, ya kutembea, kukimbia polepole na kukanyaga baiskeli isiyokwenda, yakiongezwa kidogo kidogo. Mwisho wa miezi hiyo uwezo wao ulirudi pale ulipokuwa walipokuwa vijana wa miaka 20, kabla ya kulazwa.

Soma habari hii mara mbili, hasa wewe unayemtunza mzazi. Mzee akilazwa kitandani kwa homa ya siku tatu, kisha watu wa nyumbani wakamwacha alale majuma matatu mengine kwa huruma, wanaweza kuwa wamemwondolea nguvu nyingi kuliko zile alizoondolewa na miaka mingi aliyoishi.

Sababu yake si ya siri. Moyo ni msuli, mkubwa kiasi cha ngumi ya mwenyewe, nao hupiga mara 100,000 hivi kila siku. Kama msuli wowote, ukipewa kazi ya kiasi hupata nguvu, na ukikoseshwa kazi hulegea. Mtu anapotembea kwa haraka, mishipa yake hupanuka na damu hupita kwa wingi, na misuli ya miguu, hasa ile ya nyuma ya muundi, huibana mishipa na kuisukuma damu irudi juu. Ndiyo maana anayekaa siku nzima huvimba miguu. Anayetembea kila siku shinikizo lake la damu, ambalo wengi huliita presha, hushuka kidogo, na sukari ya mwilini hutumika badala ya kulundikana. Anayekaa, mishipa yake hukakamaa mapema zaidi, na mafuta hujenga ndani yake kama kutu katika bomba.

Ushahidi wa kwanza mkubwa juu ya jambo hili ulitoka Uingereza, tena kwa watu wa kawaida kabisa. Daktari Jeremy Morris na wenzake waliwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mjini London, wakaichapisha kazi yao mwaka 1953. Katika kila basi walikuwamo watu wawili, dereva na kondakta. Wote waliishi katika mji ule ule na kufanya kazi katika basi lile lile. Tofauti ni kwamba dereva alikaa kitini karibu muda wote, na kondakta alipanda na kushuka ngazi kukusanya nauli, vidato 500 mpaka 750 kila siku ya kazi. Makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva. Na wale waliopatwa, uliwajia katika umri mkubwa zaidi na uliwaua mara chache zaidi. Mtu angeweza kusema kwamba pengine madereva walikuwa na mashaka mengi ya barabarani. Daktari yule alilifikiria hilo, akawatazama pia watu wa posta, akaona tofauti hiyo hiyo kati ya wanaogawa barua kwa miguu na baiskeli na wale wanaokaa ofisini. Yeye mwenyewe alizaliwa 1910 akafa 2009, akiwa na miaka 99.

Kwetu Tanzania mfano uko karibu zaidi. Wahadza wanaoishi pembeni mwa Ziwa Eyasi, wanaowinda na kuchimba mizizi kama walivyofanya babu zao, walipimwa na wataalamu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Ilionekana kwamba kila siku hufanya kazi za kuchosha mwili kwa zaidi ya saa mbili, tena wazee wao hawabaki nyuma. Na dalili za hatari ya ugonjwa wa moyo, kama presha na mafuta mabaya katika damu, zilikuwa chache mno. Hakuna mtu aliyewaambia wazee wale kwamba heshima yao ni kukaa.

Hapa nimefika penye kiini cha maneno yangu, nami nataka kusema waziwazi, hata ikiwa itamwudhi mtu. Katika miji yetu mtoto akipata kazi nzuri, jambo la kwanza analolifikiri ni kumpumzisha mzazi wake. Humwambia: "Baba, basi, umetutumikia vya kutosha; sasa kaa tukutumikie." Jembe huondolewa. Bustani ya nyuma ya nyumba hupewa kibarua. Maji huletwa, chai huletwa, hata kijiti cha mswaki huletwa. Mzee akiinuka kwenda dukani, wajukuu hukimbia kumrudisha kitini. Na akisisitiza, majirani husema watoto wake hawamtunzi. Wengine humcheka kwa methali kwamba mtembezi hula miguu yake, ingawa methali hiyo ilimlenga mzururaji asiye na kazi, si mzee anayekwenda kumjulia hali mgonjwa. Baada ya mwaka mmoja miguu ya baba imekuwa membamba, pumzi inamkatika kwa ngazi tatu, na watoto husema, "Uzee umemwingia ghafla." La! Haukumwingia ghafla. Uliletewa kiti.

Sidharau nia ya watoto hao. Kurani Tukufu imetuamuru katika Sura Bani Israil, aya 24 na 25, tuwatendee wema wazazi, tusiwakemee wakifikia uzee, na tuwainamishie bawa la unyenyekevu. Lakini aya hizo hazikusema tuwazuie kusimama. Kumheshimu mzazi ni kuacha kazi yako nusu saa ukatembee naye, polepole kwa mwendo wake, huku ukimsikiliza. Jambo hili ni gumu kuliko kumpelekea chai, na kwa sababu hiyo wachache hulifanya.

Yupo atakayejibu kwamba ajali ya mtu imeandikwa, na kwamba atembee asitembee, siku yake ikifika atakwenda. Ndugu uliyesilimu, jibu hili utalisikia sana, na husemwa kwa sauti ya ucha Mungu, basi lijue jawabu lake. Khalifa wa pili, Hadhrat Umar r.a., alikuwa akienda Sham pamoja na masahaba. Walipofika mahali paitwapo Sargh wakapata habari kwamba tauni imeingia katika nchi ile. Akashauriana na watu, kisha akaamua kurudi. Abu Ubaida r.a. akamwuliza kama anaikimbia kudra ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu kwamba ndiyo, wanaikimbia kudra ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kudra ya Mwenyezi Mungu. Kisha akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeteremka katika bonde lenye pande mbili, mmoja una majani na mwingine mkavu: popote atakapowalisha, si amewalisha kwa kudra ya Mungu? Mzee anayetembea ameuchagua upande wenye majani. Hajaiongeza ajali yake, bali ameitumia sababu ambayo Mwenyezi Mungu mwenyewe ameiumba. Isitoshe, swali si la siku ya kufa tu. Ni kama miaka mitano au kumi ya mwisho mtu ataweza kwenda msikitini mwenyewe, au atachukuliwa na watu.

Mtume Mtukufu s.a.w. alihamia Madina akiwa na miaka 53 hivi, umri ambao kwetu mtu huanza kuitwa mzee na kupishwa kiti. Katika miaka kumi iliyofuata alikuwa akienda msikiti wa Quba kila Jumamosi, mwendo wa maili mbili au tatu, safari nyingine akipanda mnyama na nyingine kwa miguu. Walioeleza mwendo wake walisema alitembea kwa nguvu, mfano wa mtu anayeteremka mlima. Handaki lilipochimbwa kuilinda Madina, mnamo mwaka 627, alikuwa karibu na miaka 60, na masahaba walimwona akibeba udongo pamoja nao mpaka vumbi likamfunika tumbo. Aliwahi hata kushindana mbio na mkewe, Bibi Aisha r.a.; mara ya kwanza Aisha alimshinda, na baadaye, alipokuwa amenenepa, Mtume s.a.w. alimshinda. Nawakumbusha kina mama hadithi hii ya mwisho, maana wapo wanaodhani kwamba kutembea kwa ajili ya afya hakumfai mwanamke mwenye staha.

Masihi Aliyeahidiwa a.s. naye, ingawa alikuwa na maradhi ya kizunguzungu na ya kukojoa mara kwa mara, na ingawa aliandika vitabu zaidi ya 80, alikuwa na desturi ya kutoka asubuhi kutembea nje ya Qadian hata alipopita miaka 60. Wafuasi walimfuata wakimwuliza maswali, na majibu mengi aliyoyatoa njiani yalichapishwa katika magazeti ya Al-Hakam na Badr. Kwa hiyo sehemu kubwa ya hazina tunayoisoma leo katika Malfuzat ilisemwa na mtu aliyekuwa akitembea. Khalifa wake wa pili, Hadhrat Mirza Bashiruddin Mahmud Ahmad r.a., alipoianzisha Majlis Ansarullah mwezi wa Julai 1940 kwa ajili ya wanaume waliopita miaka 40, hakuwakusanya ili wapumzike, aliwapa kazi. Na mwaka 1973 Khalifa wa tatu, Hadhrat Mirza Nasir Ahmad r.h., aliwagawa Ansar safu mbili, wale wa chini ya miaka 55 wakawa safu ya pili, wapate kujiona vijana miongoni mwa wazee. Mimi nami nimo katika safu hiyo ya pili, na nakiri kwamba jina hilo humwondolea mtu udhuru mwingi.

Sasa, kiasi gani kinatosha? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, limewashauri watu wazima, pamoja na waliopita miaka 65, wafanye shughuli za kiasi kwa dakika 150 mpaka 300 kila juma. Nusu saa ya kutembea, siku tano, imeshafika. Mwendo uwe wa kumwezesha mtu kuzungumza lakini si kuimba. Zaidi ya hayo wazee wameshauriwa mazoezi ya kutia misuli nguvu na ya kushika mizani ya mwili, ili wasianguke: kuinuka kitini bila kushika, kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, kubeba ndoo isiyojaa sana. Kulima bustani kumo katika hesabu, na kufagia uwanja kumo.

Je, sala haitoshi? Nimewasikia wahubiri wakisema kwamba sala tano ni mazoezi kamili ya mwili. Kwa maoni yangu maneno hayo hayaitendei haki sala wala mwili. Sala ni ibada, na anayesimama mbele ya Mola wake akihesabu faida za magoti ameipoteza. Tena rakaa 17 za faradhi, ingawa huyahifadhi magoti na kiuno cha mzee kuliko tunavyotambua, haziuendeshi moyo kwa kasi inayotakiwa. Kinachouendesha ni njia ya kwenda msikitini. Bani Salima, waliokaa mbali na msikiti wa Mtume s.a.w., walitaka kuhamia karibu. Akawaambia wabaki katika nyumba zao, kwa kuwa hatua zao zinaandikwa. Mwenye kuishi mwendo wa dakika kumi kutoka msikitini, akienda kwa miguu alfajiri na magharibi na kurudi, ana dakika 40 kwa siku, na thawabu juu yake.

Walakini na hapa pana mpaka. Mtume Mtukufu s.a.w. alimwona mzee akiburuzwa katikati ya wanawe wawili. Akauliza, akaambiwa ameweka nadhiri ya kwenda Al-Kaaba kwa miguu. Akasema kwamba Mwenyezi Mungu hana haja ya mtu huyu kujitesa, akamwamuru apande mnyama. Basi mwenye presha au kisukari, au aliyewahi kuugua moyo, amwone daktari kwanza, wala asiziache dawa zake ati kwa kuwa ameanza kutembea. Anayeanza aanze kwa dakika kumi, akiongeza kila juma. Asitembee jua la mchana. Na akisikia maumivu au kubanwa kifuani, au maumivu yaendayo mkononi au tayani, au pumzi ikimkatika kuliko kawaida, au kichwa kumzunguka, asimame papo hapo, aketi, aite mtu, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, si kesho yake.

Na asiyeweza kutembea kabisa? Imran bin Husain r.a., aliyekuwa na ugonjwa wa bawasiri, alimwuliza Mtume s.a.w. juu ya sala yake, akaambiwa asali kwa kusimama. Asipoweza, kwa kukaa. Asipoweza, kwa kulala ubavu. Mzee aliye kitini aweza kuinua mguu mmoja na kuushusha, mara kumi, kisha wa pili. Aweza kunyoosha mikono juu, na kukanyaga chini kama atembeaye, mpaka pumzi ibadilike kidogo. Afanye hivyo asubuhi na jioni, na mtoto au mjukuu akae mbele yake amhesabie.